Halmashauri imetuweka hotelini karibu miezi mitano: je, Ombudsmani atatutoa?

Swali: Ninaishi England na watoto wangu wawili, wa miaka mitatu na saba. Tulipopoteza nyumba ya kupanga, halmashauri ilituweka hotelini tarehe 4 Novemba. Tuna chumba kimoja, na jiko na bafu tunatumia pamoja na familia nyingine. Leo ni mwisho wa Machi na bado tupo hapo hapo. Niliandika lalamiko tarehe 20 Januari, na tarehe 3 Februari nikajibiwa kwa aya mbili kwamba wanasikitika lakini nyumba hazipo. Rafiki yangu ananishauri nimwandikie Ombudsmani. Je, anaweza kuiamuru halmashauri itupe nyumba? Je, nikilalamika hawatanirudisha nyuma kwenye orodha? Na je, jina langu litatangazwa?

Jibu:

Dada, nianze na swali lako la kwanza ili usisome maelezo yote haya ukiwa na tumaini lisilo mahali pake. Ombudsmani, yaani mchunguzi huru wa malalamiko ya wananchi dhidi ya halmashauri, hana uwezo wa kuiamuru halmashauri ikupe nyumba, wala hawezi kukupitisha mbele ya familia zilizokutangulia kwenye orodha. Hata hivyo, lalamiko lako ni zito. Kwa jinsi ulivyolieleza, ninaona ndani yake makosa mawili ya halmashauri: moja ni lile unaloishi nalo kila siku, na jingine hukulitaja kabisa, ingawa kwa maoni yangu ndilo lililokuumiza zaidi. Ukiyaeleza yote mawili kwa namna ambayo ofisi ile hupima mambo, una nafasi nzuri ya kupata uamuzi wa kukuridhisha. Ukiandika hasira tupu, hata kama ni hasira yenye sababu, unaweza kujibiwa kwamba hakuna la kuchunguza.

Ofisi unayoelekezwa inaitwa Ombudsmani wa Serikali za Mitaa na Huduma za Ustawi wa Jamii. Ilianzishwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1974, na inahudumia England pekee. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina ofisi zao. Chombo cha aina hii kilianzia Sweden mwaka 1809, kikaenea baada ya Denmark kuwa na chake mwaka 1955 na New Zealand mwaka 1962. Wasomaji wetu wengi hushangaa wakisikia kwamba Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, mwaka mmoja kabla Uingereza haijapata mchunguzi wake wa kwanza wa malalamiko dhidi ya serikali kuu. Hapo zamani mkazi wa England hakuweza kumwandikia Ombudsmani moja kwa moja. Ilibidi apitie kwa diwani, sharti lililoondolewa mwaka 1988. Leo unaandika mwenyewe, hulipi chochote, na huhitaji wakili. Ukipenda, mtu mwingine anaweza kukuwakilisha, mradi umempa idhini kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo walalamikaji wengi hulikosa, na ambalo likieleweka mengine yote hufuata. Ombudsmani si ngazi ya rufaa. Hakai kujiuliza kama yeye angeamua tofauti na afisa wa halmashauri, na sheria yenyewe inamkataza kuhoji ubora wa uamuzi uliofikiwa bila kosa la kiutawala. Maswali yake ni mawili. La kwanza ni iwapo halmashauri ilikosea katika namna ilivyoshughulikia jambo lako. La pili ni iwapo kosa hilo lilikudhuru wewe hasa. Moja likijibiwa hapana, lalamiko huishia hapo, na ndiyo maana watu wawili wenye shida moja wanaweza kutoka kwenye ofisi ile na majibu yanayopishana kabisa.

Chukua mfano huu. Halmashauri mbili zimekataa kuipa familia kipaumbele cha kiafya. Katika ya kwanza, afisa aliisoma barua ya daktari, akaipima kwa kufuata sera iliyopo, akaandika sababu zake na kukataa. Katika ya pili, barua ile ile ilipokelewa, ikagongwa muhuri na kuwekwa kwenye faili, na uamuzi ukatolewa bila mtu yeyote kuifungua. Familia zote mbili zimekosa, na pengine ya kwanza ndiyo yenye mtoto mgonjwa zaidi. Lakini Ombudsmani hatagusa uamuzi wa halmashauri ya kwanza, wakati ya pili ataikuta na kosa na kuitaka ianze upya. Kwa mlalamikaji jambo hili huonekana kama ukatili. Mimi nadhani lina mantiki: madiwani huchaguliwa na wakazi ili waamue jinsi ya kugawa kidogo kilichopo, na mchunguzi ambaye hakupigiwa kura na mtu hapaswi kuamua badala yao. Kinachomhusu ni kama waliamua kwa haki.

Sheria ya 1974 haikutoa orodha ya makosa hayo. Watu wa fani hii bado hurejea maneno ya waziri Richard Crossman bungeni mwaka 1966, aliyetaja upendeleo, uzembe, kutojali, ucheleweshaji, kutokuwa na uwezo wa kazi na uamuzi wa kiholela. Kwa wananchi wa kawaida naongeza mengine yanayojitokeza kila mara: kupoteza nyaraka, kutoa taarifa isiyo sahihi, kutokufuata sera waliyoiandika wenyewe, na kutompa mtu sababu za uamuzi. Isitoshe, sheria ilivyorekebishwa inamruhusu Ombudsmani kukuta kosa pale huduma ambayo halmashauri inawajibika kuitoa inaposhindikana, hata kama hakuna afisa aliyefanya uzembe wala nia mbaya. Hilo ndilo jibu la zile aya mbili ulizoandikiwa. Kwamba nyumba hazipo inaweza kuwa kweli tupu, na mara nyingi ni kweli, lakini uhaba haufuti wajibu wa kisheria.

Wajibu wenyewe ni huu. Amri ya mwaka 2003 kuhusu makazi yanayofaa kwa watu wasio na makao, iliyoanza kutumika Aprili 2004, inasema kwamba hoteli na nyumba za wageni si makazi yanayofaa kwa familia yenye watoto au mama mjamzito. Halmashauri inaruhusiwa kuitumia pale tu ambapo hakuna makazi mengine, na hata hapo kwa muda usiozidi wiki 6. Ninyi mliingia tarehe 4 Novemba, kwa hiyo wiki 6 ziliisha tarehe 16 Desemba. Kuanzia siku hiyo mpaka leo ni miezi mitatu na nusu ambayo haina kibali chochote katika sheria, na hapo huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu alikuonea, tarehe zinajitosheleza.

Kuna jambo moja la kuhakiki kabla hujaandika. Kinachofanya mahali pahesabike kuwa nyumba ya wageni chini ya amri hiyo ni kwamba familia hazina vyote vya kwao peke yao, yaani zinachangia choo, bafu au jiko. Lakini jengo linalomilikiwa au kuendeshwa na halmashauri yenyewe, na chama cha nyumba kilichosajiliwa au na shirika la hiari, halihesabiwi humo, hata kama mnapanga foleni ya kuoga. Nimeona malalamiko mazuri yakianguka kwa sababu ya kipengele hiki, maana mlalamikaji alidhani hoteli ni ya mfanyabiashara kumbe ni mali ya halmashauri. Muulize afisa wako kwa baruapepe ni nani anayemiliki na nani anayeendesha jengo hilo, na uhifadhi jibu. Likiwa ni la mtu binafsi, hoja yako imesimama imara. Likiwa ni la halmashauri, hujapoteza kila kitu, kwa sababu makazi ya muda bado yanapaswa kuifaa familia iliyowekwa humo, lakini itabidi ueleze kwa undani kwa nini chumba hicho hakiwafai watoto wako: unyevu, vitanda, umbali wa shule, hali ya afya.

Kosa la pili ni lile ambalo hukulitaja. Katika barua yako hakuna mahali unaposema kwamba umepokea barua ya uamuzi kuhusu wajibu mkuu wa makazi, yaani wajibu wa halmashauri wa kuhakikisha mnapata makazi yanayofaa hadi mpate ya kudumu. Tangu Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya mwaka 2017 ianze kutumika Aprili 2018, halmashauri inayompokea mtu aliyekwisha kukosa makao huwa na siku 56 za kumsaidia kupata makazi, ikifuata mpango wa maandishi uliotengenezwa kwa ajili yake. Siku hizo zikipita bila mafanikio, inapaswa kuamua kama inadaiwa wajibu mkuu chini ya Sheria ya Makazi ya mwaka 1996, na kumwandikia mhusika. Mwongozo wa serikali unasema uamuzi huo utolewe siku ya 57 au karibu na hapo, na ikiwa bado kuna uchunguzi wa kufanywa, usizidi siku 15 za kazi. Kama ombi lako lilipokelewa siku ile ile mliyoingia hotelini, siku 56 ziliisha tarehe 30 Desemba, na hata ukiwapa zile siku 15 za kazi, Januari haikupaswa kuisha bila barua. Sasa tunaingia Aprili.

Kwa nini naliona hili kuwa zito kuliko hoteli? Kwa sababu barua hiyo ndiyo mlango wa haki zako nyingine. Mtu aliyepokea uamuzi anaweza kuomba upitiwe upya ndani ya siku 21, na akishindwa anaweza kukata rufaa katika mahakama ya kaunti kwa hoja ya kisheria. Aliyekubaliwa kuwa anadaiwa wajibu mkuu anaweza pia kuomba mapitio kuhusu kama makazi aliyopewa yanafaa. Wewe ambaye bado uko katika makazi ya kusubiria uamuzi huna haki hiyo ya mapitio. Tena, katika halmashauri nyingi kukubaliwa wajibu mkuu hubadilisha daraja la mwombaji katika orodha ya nyumba za kudumu, na kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa inaweza kuwa wiki iliyopotea kwenye foleni ile ile unayoogopa kurudishwa nyuma. Faili limekaliwa, nawe umekuwa ukihangaikia jiko.

Kwa hiyo lalamiko lako liandikwe upya. Sentensi kama “halmashauri imenidhalilisha na haijali watu maskini” huenda ni ya kweli, lakini mchunguzi hana pa kuishika. Linganisha na hii: “Tarehe 4 Novemba niliwekwa na watoto wangu wawili katika hoteli ya mtu binafsi ambako tunachangia jiko na bafu. Wiki 6 ziliisha tarehe 16 Desemba, na mpaka leo hatujahamishwa. Sijapokea uamuzi wa maandishi kuhusu wajibu mkuu. Mtoto wangu wa miaka mitatu hana mahali pa kuchezea, mkubwa anasomea kitandani, na kwa kuwa jiko huwa na watu hadi usiku nimekuwa nikinunua chakula kilichopikwa. Naomba tuhamishiwe makazi yanayofaa, nipewe uamuzi wa maandishi, na nifidiwe kwa muda uliozidi.” Humo mna kosa, tarehe, madhara na ombi, na vyote vinne vinatosha katika ukurasa mmoja. Ambatisha baruapepe na barua ulizonazo, lakini usiambatishe kila kitu. Picha tatu zinazoonyesha chumba zina nguvu kuliko thelathini. Kama una risiti za chakula na nauli za ziada, zihifadhi, kwa maana gharama zenye ushahidi zinaweza kudaiwa peke yake.

Barua hiyo uitume kwanza kwa halmashauri, si kwa Ombudsmani. Sheria inataka halmashauri ipewe nafasi ya kutosha ya kulijua na kulijibu lalamiko, na kinachopelekwa mapema mno hurudishwa huko huko, nawe unakuwa umepoteza wiki kadhaa bure. Jibu ulilopata tarehe 3 Februari ni la hatua ya kwanza tu. Nisiwaonee: lilikuja ndani ya siku 10 za kazi, ambazo ndizo zinazotajwa katika mwongozo wa kushughulikia malalamiko uliotolewa na Ombudsmani mwaka 2024. Lakini mwongozo huo huo unataka mlalamikaji aambiwe namna ya kwenda hatua ya pili, ambayo inapaswa kujibiwa ndani ya siku 20 za kazi na mtu ambaye hakuhusika na jibu la kwanza. Kama zile aya mbili hazikukueleza hivyo, liweke nalo katika lalamiko, kwa sentensi moja. Kisha andika wazi kwamba unaomba hatua ya pili. Kwa kawaida ofisi ya Ombudsmani huona wiki 12 kuwa muda wa kutosha kwa halmashauri kumaliza hatua zake zote. Ukihesabu kutoka tarehe 20 Januari, zinaisha katikati ya Aprili. Halmashauri ikinyamaza au ikikupiga danadana mpaka wakati huo, huna haja ya kuendelea kuwasubiri. Kwa upande wako, ukomo ni miezi 12 tangu ulipolifahamu tatizo, na ingawa unaweza kulegezwa pakiwa na sababu nzuri, usiutegemee ulegevu huo.

Hapa niingize onyo ambalo huwa nalitoa kwa kila mtu mwenye watoto. Njia ya Ombudsmani ni ya miezi. Haina amri ya dharura, na haitakutoa hotelini wiki ijayo. Kama kuna hatari ya haraka, kwa mfano mtoto ameugua kwa sababu ya hali ya chumba au mnatishiwa kutolewa nje bila kupewa pengine, anayefaa ni wakili wa masuala ya makazi, ambaye anaweza kuomba mapitio katika Mahakama Kuu na amri ya muda. Mwenye kipato kidogo anaweza kupata msaada wa kisheria unaolipiwa na serikali kwa kesi za namna hii, na mashirika kama Shelter na Citizens Advice yanaweza kukuelekeza kwa mawakili hao. Mara nyingi barua moja ya wakili yenye kutaja wiki 6 huleta funguo za nyumba kabla kesi haijafunguliwa. Lakini ufahamu kwamba ukishakwenda mahakamani kuhusu jambo fulani, Ombudsmani hawezi tena kulichunguza jambo hilo, na hata kama hujaenda, anaweza kukataa akiona ni haki kukutarajia uitumie mahakama au rufaa iliyopo. Kwa suala lako sioni akikataa kwa urahisi, kwa kuwa makazi ya kusubiria uamuzi hayana rufaa na ucheleweshaji ni kosa la kiutawala lililo wazi. Barua ya uamuzi ikifika kesho na ikawa na jambo usilokubaliana nalo, omba mapitio ndani ya zile siku 21 bila kungoja Ombudsmani amalize.

Kuna mambo ambayo ofisi hii haiyagusi kabisa, na nayapitia haraka ili usiyachanganye. Haipokei jambo linalowahusu wakazi wote au karibu wote kwa pamoja, kama vile kupanda kwa kodi ya halmashauri. Haishughulikii ajira za watumishi, na kwa England haihusiki na tabia binafsi za madiwani. Wapangaji wa nyumba za kudumu za halmashauri wenye malalamiko ya matengenezo huenda kwa Ombudsmani wa Makazi, ambaye ni mtu mwingine na ofisi nyingine tangu Aprili 2013. Suala la kukosa makao na la orodha ya kugawiwa nyumba linabaki kwa huyu tunayemzungumzia.

Lalamiko likifika, kwanza hupimwa kama linaingia katika mamlaka ya ofisi na kama lina uzito wa kuchunguzwa. Mengi huishia hapa, na si kwa sababu ni ya uongo. Ofisi huangalia kama madhara ni makubwa kiasi cha kutosha na kama uchunguzi utaongeza chochote juu ya kile ambacho halmashauri imekwisha kutoa. Yakipita, hukabidhiwa mchunguzi, naye huiandikia halmashauri maswali na kudai faili. Huu ndio uwezo ambao watu hawaujui. Katika kudai nyaraka na kuwahoji mashahidi, Ombudsmani ana mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu, na afisa anayemzuia anaweza kupelekwa mahakamani kama mtu aliyeidharau mahakama. Wewe ungeomba faili lako ukapewa nusu yake. Yeye husoma pia yaliyoandikwa baina ya maafisa, kwa mfano kumbukumbu, kama ipo, inayosema faili linasubiri mtu wa kulifanyia kazi. Hakuna kikao cha hadhara wala kuapishwa. Karibu kila kitu hufanyika kwa maandishi na simu, na kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani mapema badala ya kumtumia mtoto.

Mwishoni mwa uchunguzi utatumiwa rasimu ya uamuzi, na halmashauri itatumiwa hiyo hiyo. Isome kwa makini kuliko barua nyingine yoyote utakayopata katika safari hii, kwa sababu ni hapo ambapo kosa la tarehe au shahidi aliyesahaulika husahihishwa kwa urahisi. Usiandike kwamba hukubaliani na uamuzi. Onyesha aya gani haiko sawa na ambatisha karatasi inayothibitisha. Uamuzi wa mwisho ukishatoka, unaweza kuomba upitiwe ndani ya mwezi mmoja, lakini mapitio hayo huangalia kama kulikuwa na kosa la msingi au ushahidi mpya, hayaanzishi uchunguzi upya.

Halmashauri ikikutwa na kosa, Ombudsmani hujaribu kukurudisha pale ambapo ungekuwa kama kosa lisingetokea. Katika mazingira yako anaweza kupendekeza muhamishwe, uamuzi utolewe ndani ya siku kadhaa, na, ikiwa kuchelewa kulikukosesha daraja, tarehe yako katika orodha irudishwe hadi siku ambayo uamuzi ulipaswa kutolewa. Hili la mwisho uliombe waziwazi. Kuhusu fedha, mwongozo wa ofisi hiyo hutaja kati ya pauni 150 na 350 kwa kila mwezi ambao mtu ameishi katika makazi yasiyofaa kwa sababu ya kosa la halmashauri, kiasi kikitegemea ubaya wa hali na udhaifu wa walioathirika. Kwa miezi mitatu na nusu hiyo ni kama pauni 525 hadi 1,225. Panaweza kuongezwa kiasi kwa ajili ya usumbufu na mahangaiko, ambacho mara nyingi hakizidi pauni 500. Si fidia ya aina inayotolewa na mahakama, na anayekwenda kwa Ombudsmani akitafuta utajiri atarudi mkono mtupu. Zaidi ya hayo, mchunguzi akiona njiani kwamba familia nyingine zimekaa hotelini kupita wiki 6, sheria inamruhusu kulichunguza hilo pia, na mapendekezo yanaweza kuitaka halmashauri iwatafute wote na kuwafidia.

Mapendekezo, nasema, si amri. Wasomaji huuliza yana faida gani basi. Kwa miaka ya karibuni ofisi hiyo imekuwa ikiripoti kwamba zaidi ya asilimia 99 ya mapendekezo yake hutekelezwa, na sababu zipo. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1988, katika shauri la halmashauri ya Eastleigh, kwamba halmashauri isiyokubaliana na matokeo ya uchunguzi iende mahakamani kuyapinga, haiwezi kuyatupa kapuni tu. Kukiwa na ukaidi, Ombudsmani hutoa ripoti ya hadharani, ambayo halmashauri hulazimika kuitangaza na kuijadili ndani ya miezi 3; ikiendelea kukataa, hutoka ripoti ya pili, na hatimaye halmashauri inaweza kulazimishwa kuchapisha tamko katika gazeti la eneo lake, kwa gharama yake, likieleza ilivyoambiwa ifanye nini na kwa nini imekataa. Madiwani wanaokaribia uchaguzi hawapendi tangazo la namna hiyo.

Umeuliza kama utarudishwa nyuma kwenye orodha. Nafasi yako hutokana na mpango wa ugawaji ambao halmashauri inalazimika kisheria kuwa nao na kuufuata, na ndani yake hakuna, wala hakuwezi kuwa, kipengele cha kumwadhibu mlalamikaji. Afisa akikupunguzia daraja kwa sababu umelalamika, atakuwa amezalisha kosa jipya lililo rahisi kulithibitisha kuliko la kwanza. Kwa tahadhari, omba leo kwa baruapepe uthibitisho wa daraja lako na tarehe yako katika orodha, kabla hujatuma lalamiko la hatua ya pili, ili mabadiliko yoyote yasiyo na maelezo yaonekane. Usiache kuhudhuria miadi ya afisa makazi kwa sababu mnavutana, na ukipewa makazi mengine unayoyaona hayafai, usiyakatae kabla ya kuzungumza na mshauri, kwani kukataa kunaweza kumaliza wajibu wa halmashauri kwako, na hilo Ombudsmani hataweza kulirekebisha kwa wepesi.

Kuhusu jina: maamuzi huchapishwa kwenye tovuti ya ofisi hiyo, lakini bila majina ya walalamikaji. Utatajwa kwa herufi, kama vile Bi X, watoto hawatatajwa kwa majina, na maelezo yanayoweza kukutambulisha huondolewa. Jina litakaloonekana ni la halmashauri. Kama hata hivyo unaona undani wa jambo lako utakutambulisha, mathali kwa sababu ya ugonjwa usio wa kawaida, mwambie mchunguzi wakati wa rasimu, kwa kuwa ana uwezo wa kuamua uamuzi fulani usichapishwe.